Wa Chini

Miaka kumi na minne nimekuwa wa chini.
Zihalirwa juu ya gogo, mimi shimoni,
msumeno kati yetu ukienda na kurudi,
unga wa mkaratusi ukininyeshea
puani, kopeni, kwenye chai ya saa nne.
Mke wangu husema nanuka dawa ya kikohozi.

Huku juu ya Mbobero, mvua ikinyesha,
Fuso ya Namegabe haifiki.
Hukwama kwenye kona ya kanisa,
konvoyeri akiutukana mlima na waliouzaa.
Basi mbao hushuka kwa mabega,
na mabaki, maganda na matawi,
hushuka kwa wanawake, ukanda kwenye paji la uso,
mpaka Kadutu, mpaka kwenye majiko
ya watu wasioujua mti.

Wanaosema wa chini ndiye mjinga
hawajawahi kushuka shimoni.
Wa juu anauona mstari, sawa,
ule tuliouchapa kwa kamba
na masizi ya betri kuukuu.
Lakini meno yakiuma fundo
wa chini huhisi kwanza, kwenye viwiko.
Niligonga ubao mara mbili,
yeye akasimama. Hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Alikufa kwa tumbo, si kwa mti.
Watu walitaka iwe mti,
ingekuwa habari ya kusimulia.

Kijana mmoja wa Esansi akaja na tronsoneze,
ya rangi ya chungwa, ya kukodi,
dola kumi kwa siku, mafuta juu yako.
Mti ulilala kabla maji hayajachemka.
Ila mbao zake! Mawimbi matupu,
mbavu za mbuzi wa kiangazi.
Fundi Bisimwa alizirudisha zote.
Kisha mnyororo ukakatika,
na spea, akasema kijana, labda ng'ambo ya Ruzizi.
Hatujamwona tena.

Msumeno wetu ukaning'inia ukutani,
mpini wa juu umelainika
kwa kiganja kisicho changu.
Ukiwa peke yako nao
ni bati refu lenye meno.

Jumatatu akaja M'Cirhuza, mjane wake,
ukanda shingoni, na kwenye paji
ule mfereji uliochimbwa na ukanda.
Miaka tisa ameshusha kuni zetu,
hajawahi kuuliza bei ya ubao.
Siku hiyo aliuliza.
Akanyamaza, akipiga hesabu.
Akavua kandambili, akapanda jukwaani.

"Wanawake hawapandi," nilisema.
"Shuka shimoni," alisema. "Jua linapanda."

Vuta kwako, vuta kwangu, usisukume, achia,
meno hayana ya kwangu, wala yako, yanalia,
fundo likija ni langu, nagonga, utatulia,
wewe mstari ni wako, vumbi nimelizoea.

Nilimfundisha hivyo, kwa kuhesabu,
nikitema unga.
Ubao wa kwanza ulitoka mnene upande mmoja,
ungefaa kuzuia mlango usifunguke.
Wa pili, afadhali.
Wa tatu tulikuwa katikati
nikasikia kutoka juu: ko, ko.
Mara mbili.
Mimi sikuwa nimehisi fundo lolote,
na ishara hiyo sikuwa nimemwambia bado.

Nilisimama. Unga nao ukatulia hewani.

"Nyumbani aligonga meza hivyo," akasema,
"nikizidisha maneno."
Kisha: "Mkono umechoka tu. Tuendelee."

Jioni tulihesabu mbao sita, nne za kuuza.
Maganda yakabaki chini, mzigo mzima,
na hapakuwa na wa kuyabeba.
Yeye alikuwa amekaa juu ya gogo,
akitazama malengelenge yake
kama mtu anayesoma barua.
Ukanda ulining'inia ukutani,
kwenye msumari wa msumeno.

Niliushusha. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani.
Niliuweka kwenye paji la uso,
nikainama.

Kadutu ni mbali.